Hataza na Leseni za Usimbaji Fiche: Mwongozo Kamili kwa Watengeneza Programu wa Kisumu na Magharibi ya Kenya

Ukitengeneza programu ya sacco mjini Kisumu, mfumo wa zahanati Kakamega au wa ankara za maji Nakuru, utasimba data upende usipende, yaani utazigeuza zisisomeke na asiye na ufunguo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inautaja usimbaji fiche kwa jina katika kifungu cha 41, miongoni mwa hatua ambazo mwenye kushika data za watu anatakiwa kuzifikiria. Kifungu cha 43 kinaongeza nafuu: data zikivuja zikiwa zimelindwa ipasavyo, kwa mfano kwa kusimbwa, hulazimiki kumwarifu kila mwenye data.

Kusimba si tatizo tena, maana zana zipo tele. Tatizo huja pale mteja mkubwa, hasa mwenye wafadhili wa nje, anapoleta karatasi ya maswali na kuuliza: je, una haki ya kutumia algoriti hizi? Je, kuna hataza inayozihusu? Leseni za maktaba zako ni zipi? Algoriti ni njia za hesabu za kusimba, hataza ni haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kutumia wazo lake, na maktaba ni msimbo wa wengine unaouingiza kwenye programu yako. Wengi wetu hujibu kwamba ni za bure kwa kuwa zinapatikana mtandaoni. Jibu hilo limewakosesha watu kazi, na halikustahili kutolewa, kwa sababu jibu zuri lipo na si gumu kulipata.

Msimamo wangu nauweka mbele mapema. Kwa anayefanya kazi Kenya leo kwa algoriti za kawaida, hataza si tishio kubwa kama ilivyokuwa miaka ya 1990. Hatari imehamia kwenye leseni za maktaba za msimbo na kwenye mkataba unaotia sahihi bila kuusoma. Ndiyo maana hatua za leseni na mkataba hapa chini zisomwe kwa makini zaidi.

Tutatumia mfano mmoja: programu ya akiba na mikopo ya kikundi cha wauza samaki wa Dunga na Kibuye, Kisumu. Wanachama wana simu za Android. Kuna seva ya kukodi. Michango inaingia kwa M-Pesa, mikopo inatoka kwa M-Pesa, na mweka hazina anabadilishana ujumbe wa siri na wanakamati.

Hatua ya kwanza: orodhesha kila mahali panaposimbwa

Fungua lahajedwali yenye safu nne: kazi inayofanyika, algoriti, maktaba pamoja na toleo lake, na mahali nakala ya msimbo inapoishia, yaani kwenye simu ya mwanachama au kwenye seva yako tu. Usiidharau safu hiyo ya nne. Leseni nyingi hukubana pale unapomkabidhi mtu mwingine nakala, na kuweka programu kwenye simu ya mama muuza omena ni kumkabidhi nakala.

Kwa mfano wetu orodha ingekuwa hivi. Mawasiliano kati ya simu na seva: TLS 1.3, kiwango cha kulinda mawasiliano ya mtandao, kwa maktaba iliyomo ndani ya Android upande wa simu na maktaba ya OpenSSL upande wa seva. Hifadhidata iliyo kwenye simu: algoriti ya AES kupitia maktaba ya SQLCipher. Nywila za wanachama: Argon2 kwenye seva. Ujumbe wa kamati: X25519 (ya kubadilishana funguo) na ChaCha20-Poly1305 (ya kusimba) kupitia maktaba ya libsodium, kwenye simu.

Malipo yanahitaji uangalifu. Katika Daraja, jukwaa la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa, ombi la kumtokezea mteja dirisha la kuweka PIN hubeba nywila inayotengenezwa kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo uliopewa na muda, kisha kuvigeuza kwa Base64. Base64 ni namna ya kuandika tu, haifichi chochote, kwa hiyo haiingii kwenye orodha hii. Ukiiandika humo kama usimbaji, mkaguzi anayejua kazi yake atashuku orodha nzima. Kwa upande mwingine, unapotuma pesa kwenda kwa mwanachama, nywila ya mwanzishaji wa malipo husimbwa kwa algoriti ya RSA ukitumia cheti cha umma cha Safaricom. Huo ni usimbaji halisi, uandike.

Usisahau maktaba zilizoingia kwa mgongo wa nyingine. Kwa Python, pip-licenses itakutolea orodha ya vifurushi vyote na leseni zake. Kwa JavaScript kuna license-checker. ScanCode hupekua mafaili yenyewe na kusoma maandishi ya leseni yaliyomo, jambo linalosaidia pale mtu alipobandika msimbo wa kuokota bila kusema ulikotoka.

Hatua ya pili: tenganisha wazo, msimbo na jina

Algoriti ni njia ya kufanya hesabu. Inayoweza kuifunga njia hiyo ni hataza. Msimbo ni maandishi ya mtu aliyeitekeleza njia hiyo katika C, Java au Python. Maandishi hayo yanalindwa na hakimiliki, kwani Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaziweka programu za kompyuta kwenye kundi la kazi za fasihi. Jina nalo linaweza kuwa alama ya biashara.

Vitu hivi vitatu havifuatani. AES haina hataza inayokudai chochote, lakini msimbo fulani wa AES unaweza kuwa chini ya leseni inayokutaka utoe programu yako yote wazi. Hali ya RC4, algoriti ya zamani ya kusimba, ilikuwa ya aina yake: haikuwa na hataza, ilikuwa siri ya biashara hadi ilipovujishwa mtandaoni mwaka 1994, na jina lake likabaki alama ya biashara. Ndiyo sababu programu nyingi huria ziliuita utekelezaji wao ARCFOUR. Usiitumie leo kwa jina lolote, kwani tangu 2015 imepigwa marufuku kwenye TLS kwa udhaifu wake.

Hatua ya tatu: pima hatari ya hataza

Uliza maswali mawili kabla ya mengine yote: wazo hili lilichapishwa lini, na hataza yake ina nguvu nchi gani?

Hataza Kenya hudumu miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, na nchi nyingi ziko hivyo. Kwa hiyo, kama njia yenyewe ilielezwa hadharani zaidi ya miaka 20 iliyopita, na unaitumia jinsi ilivyoelezwa, kwa kawaida hataza ya wazo hilo la msingi ama haikuwahi kuwepo ama imekwisha. Maboresho yaliyokuja baadaye ndiyo ya kuchunguza.

Pia hataza ni ya nchi. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Kondele, hapa Kisumu. Ili ikubane hapa lazima iwe imetolewa na KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwandani iliyoko Nairobi, au na ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali ya kiakili lenye makao Harare, kwa kuitaja Kenya. ARIPO ina uzito kwetu huku kwa sababu ombi moja linaweza kuzitaja Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Programu inayotumiwa na wafanyabiashara wa Busia pande zote mbili za mpaka iangaliwe kwa sheria za nchi zote mbili.

Zaidi ya hapo, Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, kifungu cha 21, inasema mbinu ya kihisabati haihesabiwi kuwa uvumbuzi. Algoriti tupu ya kusimba ni hesabu. Hilo linakupa kinga nzuri, ila usiligeuze kuwa ngao ya kila kitu: mwombaji anaweza kudai kifaa au mfumo mzima unaotumia hesabu hiyo. Na kifungu cha 58 kinaiwekea hataza mpaka kwenye matumizi ya viwanda na biashara, si utafiti wa kisayansi. Mwanafunzi wa Maseno au Masinde Muliro anayeandika tasnifu kuhusu algoriti yenye hataza hana la kuogopa. Akiigeuza tasnifu hiyo kuwa bidhaa, aanze kuhesabu upya.

Historia fupi itakusaidia kujibu wateja waliosikia hofu za zamani.

RSA ilikuwa na hataza ya Marekani, namba 4,405,829, ya chuo cha MIT, iliyotolewa Septemba 1983. Wavumbuzi walikuwa wameieleza hadharani mwaka 1977 kabla ya kuwasilisha ombi Desemba mwaka huo. Sheria ya Marekani iliwavumilia, za nchi nyingine hazikuwavumilia, ndiyo maana nje ya Marekani haikuwahi kufungwa. Ilikwisha Septemba 2000. Ubadilishanaji wa funguo wa Diffie na Hellman ulikwisha muda mapema zaidi, 1997. Algoriti ya IDEA, iliyotumika kwenye matoleo ya awali ya PGP, programu ya kusimba barua pepe, ilikuwa na hataza Ulaya na Marekani, ya mwisho ikaisha 2012. Mradi wa GnuPG, mbadala huria wa PGP uliotoa toleo lake la 1.0 mwaka 1999, uliikwepa IDEA na RSA kwa makusudi ukaanza na algoriti za ElGamal na DSA.

Kesi iliyotisha watu kwa muda mrefu ni ya mikunjo ya duaradufu (elliptic curves), aina ya hesabu inayotumika kusimba. Wazo la msingi lilitolewa mwaka 1985 na Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kivyake, na hawakulifungia. Lakini kampuni ya Certicom ya Kanada ilikusanya hataza zaidi ya mia moja kuhusu namna za kulitekeleza kwa kasi na kwa ufanisi. Mwaka 2003 NSA, shirika la ujasusi la Marekani, lilinunua leseni ya hataza 26 kwa dola milioni 25, na mwaka 2007 Certicom iliishtaki Sony. Waandishi wa RFC 6090, hati ya kiufundi ya viwango vya mtandao iliyotoka 2011, walijibu kwa namna ya kupendeza: walieleza algoriti za msingi kwa kutegemea machapisho ya mwaka 1994 na ya kabla yake, ili yeyote aonyeshe kwamba njia yake ni ya kale kuliko hataza. X25519 na Ed25519, zilizotokana na kazi ya Daniel J. Bernstein na wenzake, zimewekwa huru tangu mwanzo.

OCB ni funzo la jinsi hataza inavyoweza kuidhuru algoriti nzuri. Ni njia ya haraka ya kusimba na kuthibitisha kwa pamoja, lakini Phillip Rogaway aliiwekea hataza, na ingawa alitoa leseni za bure kwa miradi huria, watunga viwango waliikwepa wakaenda kwenye njia nyingine za aina hiyo, CCM na GCM. Mwaka 2021 aliziachilia hataza hizo. Muda ulikuwa umepita, GCM iko kila mahali.

Sasa orodha ya kutumia bila kukosa usingizi: AES, iliyochaguliwa kwa shindano la wazi la NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, na kuwa kiwango mwaka 2001, ambapo washiriki walitakiwa kuachilia madai yao kwa dunia nzima, GCM, ChaCha20-Poly1305, familia za SHA-2 na SHA-3, RSA, X25519, Ed25519, bcrypt, na Argon2, mshindi wa shindano la kuhifadhi nywila la 2015. Programu ya wauza samaki haihitaji chochote nje ya orodha hii. Kama unadhani yako inahitaji, fikiria tena kabla ya kuendelea.

Panapohitaji macho leo ni usimbaji unaokusudiwa kuhimili kompyuta za kwantamu. NIST ilitoa viwango vitatu Agosti 2024, kikiwemo ML-KEM cha kukubaliana funguo, kilichotokana na algoriti ya Kyber. Kulikuwa na hataza za watu wa nje zilizoweza kuigusa Kyber, na NIST ikafanya makubaliano na wenyewe ili watumiaji wa kiwango wasidaiwe. Jambo la kushika ni kwamba makubaliano hayo yanahusu kiwango jinsi kilivyochapishwa. Ukikibadilisha ili kiende kasi kwenye simu za bei nafuu, unaweza kutoka nje ya ulinzi huo. Kitumie kama kilivyo, kupitia maktaba inayotunzwa.

Na tafadhali usibuni algoriti yako ili kukwepa hataza. Nimeona pendekezo hili likitolewa kwa dhati na vijana wenye akili. Algoriti ya kujibunia itavunjwa na mtu atakayeamua kukaa nayo siku chache, na kisheria haikuokoi hata kidogo: hataza huvunjwa hata na asiyejua kuwa ipo, na algoriti ambayo haijapitiwa na wataalamu haijapitiwa na mawakili pia.

Hatua ya nne: tafuta mwenyewe pale panapostahili

Utafutaji wa hataza unahitajika kama unatumia algoriti isiyo kwenye viwango vya wazi, mbinu mpya ya kuthibitisha watu bila nywila, au kifaa cha mtengenezaji mmoja. Tumia Espacenet ya ofisi ya hataza ya Ulaya na Patentscope ya WIPO, shirika la dunia la mali ya kiakili. Zote ni bure.

Ukipata hataza inayotisha, usisome muhtasari ukakimbia. Nenda kwenye madai, ile sehemu ya mwisho yenye namba, kwa sababu hapo ndipo mipaka ya haki inapochorwa. Dai la kwanza kwa kawaida ndilo pana kuliko yote. Lichambue kipande kwa kipande: ili uwe umelivunja, programu yako lazima iwe na vipande vyote vya dai hilo. Kikikosekana kimoja, kiandike. Kisha angalia familia ya hataza, yaani nchi ambako ombi hilohilo lilipelekwa, na uone kama Kenya au ARIPO zimo. Mwisho angalia kama ada za kila mwaka zimelipwa, maana hataza isiyolipiwa hufa kabla ya miaka 20. Hifadhi ulichokipata pamoja na tarehe.

Hatua ya tano: soma leseni, moja baada ya nyingine

Hapa ndipo watu wa kwetu hukwama, na ndipo nawaomba mtulie.

Kundi la kwanza ni leseni legevu: MIT, BSD na ISC. Zinakuruhusu kuuza, kubadilisha na kuficha msimbo wako, mradi utunze tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni. libsodium iko chini ya ISC, Bouncy Castle ina leseni ya mtindo wa MIT, na toleo la jumuiya la SQLCipher lina leseni ya mtindo wa BSD. Upungufu wake ni kwamba hazisemi lolote kuhusu hataza. Aliyeandika msimbo amekupa hakimiliki, na kama ana hataza hajatamka kwamba amekupa. Kwa algoriti za orodha yetu hilo si kitu. Kwa algoriti mpya, ni kitu.

Kundi la pili ni Apache 2.0. Ndiyo ninayoipendelea kwa usimbaji, kwa sababu kifungu chake cha tatu kinasema kila mchangiaji anakupa leseni ya hataza zake zinazoguswa na mchango wake. Kina na makali: ukimshtaki mtu kwamba kazi hiyo inavunja hataza yako, leseni ya hataza uliyopewa inakoma. OpenSSL ilihamia Apache 2.0 kuanzia toleo la 3.0, Septemba 2021. Kabla ya hapo ilikuwa na leseni mbili za kale zenye sharti la kuutaja mradi kwenye matangazo, sharti ambalo lilipingana na GPL. Kwa hiyo ukiandika tu OpenSSL kwenye orodha yako bila toleo, hujaandika kitu. Toa amri ya openssl version kwenye seva na unakili jibu. Mbed TLS inakupa kuchagua kati ya Apache 2.0 na GPL, nawe andika ulichochagua.

Kundi la tatu ni leseni zinazotaka usawa: GPL, LGPL na AGPL. Ukimpa mtu programu yenye msimbo wa GPL ndani yake, lazima umpe na haki ya kupata msimbo chanzo wa programu nzima kwa masharti yaleyale. wolfSSL hutolewa kwa GPL au kwa leseni ya kulipia. Ukiiweka ndani ya programu ya simu ya wauza samaki bila kulipia, kila mwanachama aliyeipakua ana haki ya kuuomba msimbo wote. Si dhambi, wala si jambo baya, na kikundi kinaweza hata kufurahi. Lakini kama umemwahidi mteja kwamba msimbo ni siri yake, umeahidi usichoweza kukitoa. LGPL, kama ya Libgcrypt, ni nyepesi zaidi: inakuacha ufunge msimbo wako mradi mtumiaji aweze kuibadilisha maktaba yenyewe kwa toleo jingine.

AGPL ndiyo inayowashika watu wa seva. GPL ya kawaida haikudai chochote ukiendesha programu kwenye seva yako bila kumpa mtu nakala. AGPL inasema kwamba ukiubadilisha msimbo huo na watu wakautumia kupitia mtandao, nao wana haki ya kupata chanzo chake. libsignal, maktaba ya watu wa Signal inayovutia sana kwa ujumbe wa siri, iko chini ya AGPL. Kwa ujumbe wa kamati ya Dunga ningebaki na libsodium.

Angalia pia kama leseni zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Apache 2.0 inakaa vizuri na GPL toleo la 3 lakini si toleo la 2 pekee, kwa maoni ya wakfu wa Free Software Foundation walioiandika GPL. Faili ikisema GPL-2.0-only, simama. Ikisema GPL-2.0-or-later, unaweza kuichukua kwa toleo la 3.

Njia rahisi kuliko zote ni kupunguza mzigo. Android tayari ina maktaba za usimbaji na hifadhi salama ya funguo, na vivinjari vina Web Crypto. Unapotumia kilichokuja na simu, husambazi nakala yako ya maktaba, na nusu ya maswali ya hatua hii yanatoweka.

Hatua ya sita: weka matangazo mahali yanapoonekana

Tengeneza ukurasa ndani ya programu, chini ya mipangilio, uuite Leseni za chanzo huria. Bandika humo maandishi kamili ya kila leseni pamoja na jina la mwenye hakimiliki kama alivyoliandika. Usiyatafsiri kwa Kiswahili wala usiyafupishe. Unaweza kuongeza maelezo yako ya Kiswahili juu yake. Kwa Apache 2.0, kama mradi una faili ya NOTICE, nayo ibebwe. Ni kazi ya alasiri moja, na ndiyo wajibu unaosahauliwa zaidi.

Hatua ya saba: mkataba

Mikataba mingi inayotoka kwa mashirika na kaunti ina kifungu kinachosema mtengenezaji anahakikisha kwamba kazi yote haivunji haki ya mtu yeyote popote duniani, na kwamba atamlipa mteja hasara yote ikitokea. Kwa kijana mwenye kompyuta moja na kazi ya shilingi laki mbili, kifungu hicho ni ahadi ya kulipa asichoweza kukipata maishani. Usikikubali kilivyo. Wateja wengi hukubali kukibadilisha, kwa kuwa mara nyingi walikinakili tu kutoka mkataba mwingine.

Haya ni maneno ya kuanzia mazungumzo:

*Msanidi anathibitisha kwamba, kwa kadiri anavyofahamu siku ya kutia sahihi, sehemu alizoandika mwenyewe hazivunji hakimiliki wala hataza iliyo na nguvu nchini Kenya. Sehemu za chanzo huria zilizotajwa katika Kiambatisho A zinatolewa kwa masharti ya leseni zake. Dhima ya Msanidi kwa madai ya aina hii haitazidi malipo aliyopokea chini ya mkataba huu.*

Kiambatisho A ni ile lahajedwali ya hatua ya kwanza, sasa ikiwa na safu ya leseni. Mpelekee wakili aisome kabla hujatia sahihi, hasa kama upande wa pili una wake.

Kuna jambo la pili ndani ya mkataba linalowaumiza watu kimyakimya. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki kinasema kazi iliyoagizwa, au iliyofanywa ukiwa umeajiriwa, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Maana yake ni kwamba moduli yako nzuri ya kuzungusha funguo, yaani kuzibadilisha kila baada ya muda, uliyoiandika kwa ajili ya kikundi cha Dunga, si yako tena kuipeleka kwa sacco ya bodaboda ya Kakamega. Andika kwamba moduli za jumla unabaki nazo na mteja anapewa leseni ya kudumu ya kuzitumia. Mstari mmoja unatosha, ila uwepo kabla ya kazi kuanza.

Hatua ya nane: maduka ya programu

Maduka ya Google na Apple ni ya kampuni za Marekani, na Marekani ina kanuni za kusafirisha usimbaji nje ya nchi. Apple huuliza wazi kama programu inatumia usimbaji. Ikiwa unatumia tu ule uliomo ndani ya mfumo wa simu, kwa mfano HTTPS, huhitaji hati za ziada. Ukibeba maktaba yako, soma maswali yote na ujibu kweli. Jibu hilo ni tamko lako, na orodha yako ya hatua ya kwanza itakupa majibu ndani ya dakika chache.

Hatua ya tisa: barua ya madai ikija

Usijibu siku hiyohiyo, na usifute chochote kwenye hazina ya msimbo. Kufuta kunaonekana kama kuficha. Andika tarehe uliyoipokea na muda uliopewa.

Kisha angalia barua inadai nini hasa. Kama ni hataza, lazima kuwe na namba na nchi. Barua isiyo na namba ni ya kutishia, muulize mwandishi akupe namba. Ukiipata, pitia hatua ya nne: nchi, tarehe ya kuisha, ada, madai. Kama ni leseni, mara nyingi mwenye msimbo anataka tu tangazo lake lirudishwe au chanzo kitolewe, na ukirekebisha haraka mambo huisha. Chini ya GPL toleo la 3, anayevunja masharti kwa mara ya kwanza na kurekebisha ndani ya siku 30 tangu kuarifiwa hurudishiwa haki zake. Kwa hiyo siku hizo zihesabu.

Nenda kwa wakili anayeshughulika na mali ya kiakili ukiwa na karatasi tatu: barua, lahajedwali na mkataba wa mteja. Migogoro ya hataza nchini husikilizwa na Baraza la Mali ya Viwandani, na ya hakimiliki ina njia yake, ikiwemo KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Mweleze wakili pia kama mteja ameshaarifiwa, kwa sababu baadhi ya mikataba inataka umwarifu ndani ya siku chache.

Kila toleo jipya

Lahajedwali hii huzeeka. Maktaba hubadilisha leseni kati ya toleo na toleo, kama OpenSSL ilivyofanya, na matoleo ya zamani huachwa bila viraka vya usalama: OpenSSL 1.1.1 ilifikia mwisho wa kuungwa mkono na mradi Septemba 2023. Kwa hiyo ifanye pip-licenses au license-checker iwe sehemu ya mchakato wa kujenga programu, na mchakato ukwame wenyewe ikitokea leseni ambayo haimo kwenye orodha uliyoikubali. Kila unapomkabidhi mteja toleo, mkabidhi na Kiambatisho A kipya chenye tarehe, naye atie sahihi kwamba amekipokea.